Malalamiko kuhusu kipindi chenu cha asubuhi, watoto wetu wanasikia kila kitu kwa matatu

Kwa meneja wa vipindi,

Salaam. Mimi ni msikilizaji wenu wa miaka mingi, redio yenu ndio huwa jikoni kwangu, taarabu zenu za Ijumaa jioni na taarifa ya habari sizikosi, kwa hivo msinitie kwa fungu la watu wanaochukia redio. Nimeumia kwa sababu nawasikiliza.

Jumanne ya wiki iliopita nilikuwa nampeleka binti yangu shule, ana miaka 9, yuko gredi ya nne. Tulipanda matatu pale Bamburi saa 12 na dakika 40 asubuhi, imejaa, karibu nusu ya abiria ni watoto wa yunifomu wamepakata mabegi. Spika ziko chini ya viti na nyingine juu ya mlango, na stesheni ilikuwa yenu. Mada ya siku ilikuwa mke wa jirani. Akapiga simu mwanamume mmoja akaanza kueleza vile yeye na huyo mwanamke hufanya mume akienda kazi ya usiku, na mtangazaji wenu badala ya kumkata akamwambia "hapo usiruke, tupe zote", mara amuulize alianzia wapi, mara alikuwa amevaa nini, yule mwenzake wa kike anacheka mpaka anakohoa, na juu ya hayo mkaweka ile sauti ya kitanda kinacholia. Nilihisi mwili wote umeshika moto. Mzee mmoja wa kofia aliyekaa mbele yangu aliinama akawa anaangalia viatu vyake mpaka Kongowea. Nyuma kulikuwa na wavulana wawili wa shule wanasukumana na kucheka. Tulipofika juu ya daraja la Nyali binti yangu akanivuta mkono wa buibui akaniuliza pole pole, "Mama, kwani hicho kitanda kinapiga kelele ya nini?" Nikamwambia ni kibovu. Nilimdanganya mwanangu asubuhi na mapema kwa sababu yenu.

Makanga nilimwomba abadilishe, akasema dereva ndio anapenda hiyo. Nilipofika kazini nikapiga simu kwenu, dada aliyepokea aliongea na mimi kwa heshima, lakini jibu lake lilikuwa "mama kama hupendi weka stesheni nyingine." Sasa nibadilishe na mkono gani? Redio iko kwa dereva, mimi niko kiti cha tatu na mtoto mapajani. Hili jibu ndilo limenifanya niandike, maana linaonyesha mnafikiria msikilizaji ni mtu mmoja mkubwa ameketi kwake na redio yake, na nyinyi wenyewe mnajua asubuhi mnasikika sana kwa matatu, kwa tuktuk, dukani, kinyozi. Hata matangazo yenu mnawasalimia madereva kwa majina ya ruti!

Na si kwamba sheria hamna. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinasema kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku ni wakati ambao watoto wengi wanatazama na kusikiliza, mambo ya wakubwa yasipitishwe hapo. Kipindi chenu kinaanza saa 12 asubuhi, hapo hata hakuna cha kubishania. Kwa runinga angalau Bodi ya Filamu imeweka zile alama, GE, PG, 16, 18, nikiona 18 nachukua rimoti nazima. Redio sauti inaingia tu, ukija kujua ni nini mtoto ashasikia.

Najua mtasema nataka mfungiwe mdomo, sitaki. Januari 2018 serikali ilipozima vituo vya runinga kwa sababu ya kiapo cha Raila pale Uhuru Park nilikasirika kama Wakenya wengine, habari ni haki yetu na sitaki kuona waziri anachagua tuone nini. Wala sisemi mambo ya ndoa yasiongelewe. 2013 lile tangazo la kondomu la mipango ya kando, yaani wapenzi wa nje ya ndoa, lilipoondolewa baada ya viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, kulalamika, mimi binafsi niliona ujumbe ulikuwa wa maana, ukimwi unaua watu wa ndoa pia. Tatizo langu kwenu ni saa, na ile kuchekesha. Leteni daktari, leteni shehe au pasta, mkae saa 4 na nusu usiku mzungumze mpaka mchoke, pengine na mimi nitapiga simu.

Kamari pia, ijapokuwa hiyo ni barua nyingine. April 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari siku 30, mimi kwangu zile siku zilikuwa raha, kijana wangu wa miaka 14 aliacha kuimba namba ya peibili, ile ya kulipia kamari kwa simu. Fikirieni hilo pia.

Ninachoomba: hiyo sehemu ya simu muipeleke baada ya saa 4 usiku, hizo sauti za kitanda mzitoe kabisa, na anayepokea simu hewani awe na uwezo wa kukata mtu kabla matusi hayajatoka, hiyo mitambo ya kuchelewesha sauti ipo. Na muombe radhi hewani saa hiyo hiyo ya asubuhi, si usiku wa manane, ili wale waliokuwa kwa ile matatu wasikie.

Nakala naipeleka kwa Mamlaka lakini nimeanza na nyinyi kwa sababu ni redio ya kwetu. Namba yangu nimeiacha mapokezi, nasubiri majibu ndani ya siku 14. Kwa sasa natoka nyumbani na mtoto saa 11 na nusu tupande matatu kabla kipindi chenu hakijaanza, na geti la shule hufunguliwa saa 12 na nusu, kwa hivo tunakaa nje pamoja na askari tukingoja.

Mama wa watoto watatu,
Bamburi, Mombasa