Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chupa sita za kingamwili zisikosekane

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima nakuandikia mimi mtaalamu wa maabara ya patholojia, kazi yangu kukata vinyama vya wagonjwa vilivyogandishwa kwenye nta. Siombi mashine kubwa. Naomba chupa sita ndogo za kingamwili, dawa za maabara zinazonasa protini za seli na kuzipaka rangi ili tujue ni saratani gani, zisiishe jokofuni.

Mwaka jana tuliletewa kinyama cha mtoto wa miaka sita. Taya limevimba, meno yanalegea, jicho limeanza kusukumwa nje. Kwa rangi za kawaida, zambarau na waridi, daktari aliona seli zimebanana, katikati vidoa vyeupe kama nyota za usiku. Akashuku limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu inayokua haraka. Shida ni kwamba limfoma ya seli B kubwa (seli B ni aina ya seli nyeupe) nayo huweza kuja na sura hiyo hiyo, hata ile ya limfoblasti, yaani seli nyeupe changa. Jokofuni tulikuwa na kingamwili ya CD20 peke yake. Ikatuambia ni seli B, ikaishia hapo.

Tungekuwa na CD10 na BCL6 zikakubali, yaani zikashika rangi, BCL2 ikakataa au ikafifia, na Ki-67, inayoonyesha seli zinazogawanyika, ikapaka karibu kila kiini, daktari angeielekea Burkitt bila kusita sana. BCL2 ikikolea, anafikiria zaidi seli B kubwa. TdT ikikubali, ni limfoblasti, ambayo tiba yake huchukua miaka. Hakuna protini moja inayotosha, husomwa zote pamoja. Penye utata ndipo hutafutwa kipimo cha jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika.

Mheshimiwa, Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Inataka dawa kali za muda mfupi, na nyingine za kuchomwa kwenye uti wa mgongo. R-CHOP, mchanganyiko wa dawa unaotibu limfoma ya seli B kubwa, hauiwezi. Ikiwahiwa, watoto wengi hupona. Bloku ya yule mtoto, yaani kinyama chake ndani ya nta, tuliituma mbali kwa basi, majibu yakarudi wiki ya tano. Nilipompigia mama yake, alinishukuru kwa kuhangaika, akasema wameshazika.

Ugonjwa huu dunia iliujua vizuri kupitia watoto wa kwetu huku. Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala.

Kwa hiyo naomba CD20, CD10, BCL6, BCL2, Ki-67 na TdT ziwe na oda ya kudumu kwa kila maabara ya kanda, na mzazi asidaiwe hela ya kila chupa. Naomba pia fomalini iliyopimwa, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, ifike hadi wilayani. Juzi nimepokea kinyama ndani ya kopo la dawa ya kikohozi, kinaelea kwenye maji ya chumvi, kimeshaoza. Hapo hata chupa zote sita zisingesaidia.

Ukiniita Dodoma nitakuja na slaidi zangu, uzitazame mwenyewe kwenye hadubini.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara, Kanda ya Ziwa