Barua kwa mwanangu: kwa nini nlikuwa nakukatia vidio

Assalam alaykum mwanangu. Natumai hujambo huko Muscat na joto lenu hilo. Sisi huku Pemba wazima alhamdulillah, dada yako mzima, mbuzi kazaa wawili. Sasa hii usiisome barabarani baba, kaa kitako kwanza, ndefu, na leo siku ya tatu naandika nafuta naandika tena.

Umeniuliza mara ngapi, mama mbona nikipiga vidio unapokea sauti tu, au unaielekeza simu darini. Nikakwambia kamera imeharibika, siku nyengine nikakwambia mtandao wa Micheweni mbaya. Iddi Kubwa ukapiga mara nne nikasema niko kwenye shughuli ya watu. Ulikuwa uongo, nisamehe. Siku ile sikuwa hata Pemba, nlikuwa Dar kwa shangazi yako Temeke, nimekaa kitandani na kipande cha nyama kinaning'inia kutoka kwenye paji langu mpaka puani.

Nlikuwa na saratani ya ngozi, puani. Ishatolewa. Nakwambia mwisho wake mapema usije ukasoma roho juu.

Wewe unajua mimi na jua hatupatani. Ngozi ya mtu mwenye ualbino haina ile rangi ya kulizuia, hilo nlijua tangu skuli, lakini mwani nao hauvunwi usiku. Toka zao hili liingie Zanzibar mwaka 1989 wanawake wa huku ndo tumelijengea vibanda na kusomeshea watoto, na wewe umo, na bamvua ikiingia maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi, ndo jua linapanda, unainama kufunga kamba mpaka maji yarudi. Kofia nlikuwa navaa. Ila jua la baharini haliji kwa juu tu, linapiga maji linarudi linakuchoma uso kwa chini ya kofia, na mimi hilo sikuwahi kulifikiria mpaka daktari aliponambia.

Kilianza kama kipele ubavuni mwa pua, upande wa kulia, miezi michache baada ya wewe kuondoka. Kinafanya ukoko, nikitawadha ukoko unabanduka kinatoka damu, kinafunga, wiki nyengine kinafunguka tena. Nikapaka liwa, nikapaka dawa ya majani. Nikenda kituo kimoja nikapewa krimu ya fangasi, nikaimaliza nikapewa nyengine, hivo hivo mwaka ukapita na kile kitu kinakula kwa ndani. Mwanangu kidonda kisichopona mwezi mzima sio cha krimu. Mtu akikwambia hivo huko kazini kwenu, hasa hao mnaoshinda juani, mwambie aende akakatwe kinyama kipimwe. Mimi nilipopimwa ndo likatoka jina lake.

Basi baada ya Iddi Ndogo nikapanda boti, Mkoani mpaka Unguja, Unguja mpaka Dar, nikenda Muhimbili. Na hapa na jengine nikwambie, zile pesa zako za mabati ya jiko ndo nlizotumia, nauli, dawa, vipimo, kula. Jiko bado la makuti. Nlitaka ulijue kwangu mimi sio kwa dada yako.

Walinikata mara tatu. Mara ya kwanza ya kutoa ugonjwa, wakatoa na nyama nzima ya pembeni ili wasiache mzizi. Mimi nlidhani nitaamka nimeshashonwa, kumbe wameniacha na tundu, wakaliziba kwa bandeji tu, kwa sababu hawajengi mpaka majibu ya maabara yatoke kuwa kingo zote safi, ukijenga juu ya saratani umeifunika itaendelea kula kwa chini bila ya mtu kuiona. Majibu yalichukua wiki mbili na siku. Zile siku ndo nlikuwa nageuza simu chini nikiona jina lako.

Majibu yakaja safi. Nlilia pale pale dirishani, yule binti wa mapokezi naye akalia.

Mara ya pili ndo kujenga. Daktari, kijana, hajakuzidi sana, akanichorea kwenye karatasi. Ngozi ya pua hawaitoi pajani wala mkononi, wanaitoa kwenye paji la uso, kwa sababu rangi na unene vinakaribiana. Lakini hawaikati ikatoka. Wanaiacha imeshikana pale karibu na nyusi ambapo mshipa wa damu unapita, wanaigeuza chini wanaishona puani, na inakaa hivo wiki tatu, inakula damu ya paji mpaka ipate damu ya pua yenyewe, ndo wanarudi kukata kile kishina. Na ndani wakaweka kifupa laini walichokitoa sikioni mwangu, bila hicho tundu la pua linajifunga ukivuta pumzi. Akanambia ufundi huu umetoka India zamani sana, kwamba mwaka 1794 gazeti moja la London liliandika habari za mtu wa huko aitwaye Cowasjee, askari wa Tipu Sultan walimkata pua, fundi wa kwao akamjengea nyengine kwa ngozi ya paji, na Wazungu wakajifunzia hapo. Sijui kwa nini lakini hiyo ndo ilinipa moyo kuliko yote aliyosema. Nilimuwaza huyo mtu usiku kucha, naye alikuwa na mama.

Wiki tatu hizo mwanangu. Usoni kama nimeoteshwa mkonga. Shangazi yako aliondoa kioo chumbani bila kusema neno. Ukigusa pua mpya nahisi umenigusa kwenye paji, nzi akitua puani mimi najikuna juu ya nyusi. Na sala ndo iliniuma zaidi, maana sijda ni paji na pua, na vyote viwili ndo vilivyokatwa. Nilisali kwa kukaa na kuashiria, natayamamu. Nina miaka hamsini na mbili sijawahi kukaa siku nyingi namna ile bila ya kuweka uso wangu chini.

Mara ya tatu wakakata kishina, wakanisawazisha. Siku daktari aliponiruhusu kusujudu nilitandika mkeka wa kwetu, ule niliokuja nao, nikashuka pole pole. Pua haikusikia kitu, ganzi tupu. Paji likasikia. Nilikaa chini pale mpaka shangazi yako akaja kuniangalia kama nimeanguka.

Sasa uso wenyewe, nikwambie usije ukashtuka. Kuna mstari kutoka kwenye nywele mpaka kwenye nyusi, bado mwekundu, wamesema utafifia mpaka mwaka. Nyusi ya kulia imepanda kidogo. Pua upande mmoja nene, imevimba, inapungua taratibu, na rangi haijakaa sawa. Watu kwenye boti walitazama. Nlirudi na nikabu, na sikuivaa kwa dini, niliivaa kwa kujificha, juzi ndo nimeiacha.

Na kilichonifanya nikufiche wewe hasa ni kitu kidogo. Tangu umezaliwa watu wanasema huyu rangi ya baba'ke lakini pua ya mama'ke. Ndo kitu pekee usoni mwako kilichokuwa changu. Nikawa naona ukinitazama utaitafuta pale usiione, na mimi nitakuona unavyoitafuta.

Mwani nimeacha. Nina kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na krimu ya kukinga jua, ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili yetu wenye ualbino, na kila miezi mitatu narudi kuangaliwa. Yule mtoto wa jirani mwenye ualbino nimemshonea kofia kama yangu, mama yake nimemkalisha nikamuonesha uso wangu wote, nikamwambia mtoto asicheze pwani mchana. Alinielewa.

Ijumaa piga vidio. Saa mbili na nusu usiku kwetu, kwenu saa tatu na nusu. Ntakaa ukumbini chini ya taa nyeupe, simu ntaiegemeza kwenye birika iniangalie mimi. Ukitaka kulia lia baba, ila usikate.

Mama'ko