Harambee ya kulinda mayai ya kasa, ufuo wa Shanzu, Mombasa

Asalaam aleikum na hamjambo nyote wa grupu, wazazi, wavuvi, kina mama wa samaki na ndugu zetu mlio mbali. Mchango wa doria ya usiku umefunguliwa, twatafuta Sh85,000, na kabla sijaenda mbali wacha nijibu swali linaloulizwa tangu tangazo letu lenye picha ya kasa na panya litoke, kwamba kasa twamjua lakini huyo panya yuatafuta nini hapo.

Huyo si panya wa majumbani. Aliitwa Bramble Cay melomys na dunia nzima alikuwa na kisiwa kimoja tu cha mchanga, Bramble Cay, kaskazini mwa Australia, kidogo na hakiinuki hata mita 4 juu ya bahari. Maji yakawa yapanda, dhoruba ikipiga chumvi yaua majani ambayo ndiyo chakula chake na ndiyo maficho yake, na mara ya mwisho kuonekana ni 2009. Mpango wa kumuokoa ulishaandikwa 2008 jamani, karatasi zipo, lakini watu walipokwenda kutega 2014 wapate angalau wachache wa kufuga, hawakupata hata mmoja. 2019 serikali ya Australia ikatangaza ametoweka. Yaniuma sana hiyo, kwa sababu kilichokosekana ni mtu kufika mapema.

Na kisiwa hicho hicho kasa wa kijani hupanda kutaga. Kasa ana afadhali, bahari yote ni yake na watu wampenda, panya nani atamchangia? Lakini mayai hayaogelei. Kasa jike hurudi kutaga pande zile alikozaliwa hata kama siku hizi pana ukuta na mataa, na akichimba chini ya mstari wa mwani unaoachwa na maji yakijaa, maji makubwa ya bamvua yakija yaingia shimoni na mayai mia na zaidi yaharibika yote. Hapo hana tofauti na yule panya.

Kuyahamisha yataka saa chache tu baada ya kutagwa, ukichelewa kijusi chashajishika na ganda, ukiligeuza yai umeliua. Ndio maana hatungoji asubuhi. Vijana huyatoa moja moja bila kuyazungusha, wayapanga ndani ya ndoo kwenye mchanga wa pale pale, wachimba shimo jingine juu la kina kile kile.

Pesa ni za tochi za taa nyekundu, nauli za usiku, vigingi na kamba za kuzungushia kiota kama siku 60 mpaka vitoto vitoke, na kitu kidogo kwa mvuvi anayekata wavu wake wa jarife kumtoa kasa aliyenaswa. Huyu mimi naona ndiye astahili zaidi, jarife likikatwa watoto wake ndio walala njaa.

Namba ya mweka hazina iko juu kwenye grupu, hata Sh50 tuma, majina na matumizi yatawekwa hapo hapo. Na nyinyi wenye nyumba na hoteli za ufuoni, zimeni taa za upande wa bahari usiku, vitoto vikitoka huifuata taa vikaishia barabarani.