Kariakoo ni jina la wapagazi, tuwawekee hata bango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Tangu soko la Kariakoo liungue Julai 2021 tumesikia mengi, ukarabati, vizimba, kodi, nani anarudi nani harudi, na ni sawa maana hayo ni maisha ya watu, ila hilo jina lenyewe sisikii mtu akiliongelea na kusema kweli linaniuma.

Kariakoo ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi cha jeshi la Mwingereza. Waingereza walipoichukua Dar kwa Wajerumani Septemba 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, eneo lile wakaligeuza kambi ya hao wapagazi, wenyeji wakalitamka wanavyoweza ikawa Kariakoo, na wenzetu wa Nairobi wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo.

Sasa fikirieni ile kazi. Barabara hakuna, farasi na nyumbu wanakufa na mbung'o, kwahiyo risasi, unga, mahema, kila kitu kinapanda kichwani kwa mtu, kama kilo 25 hivi, anatembea nazo porini mvua yake jua lake kumfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, ambae hakuweka silaha chini mpaka Novemba 1918. Wengi wala hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia, wanalishwa unga wa mahindi haujaiva vizuri na wengine huko kwao hata mahindi hawakuyazoea. Upande wa Mwingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa zaidi ya 90,000, na wengi walifukiwa njiani bila jina wala alama. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi sana hawakukumbukwa walivyostahili.

Pale Posta tuna sanamu ya Askari ya mwaka 1927, kashika bunduki yake, hewala, lakini pale juu mpagazi hayupo, katajwa kwenye maandishi ya chini. Nairobi kwenye sanamu yao mpagazi yupo kasimama na wenzake. Sisi mpagazi wetu kabaki kwenye maandishi hayo na kwenye jina la soko, na hilo jina tunalitaja kila siku kwenye daladala bila kumjua.

Na kazi bado ipo jamani. Nenda Mtaa wa Kongo saa 2 asubuhi, kijana ana belo la mitumba kichwani, shingo imekakamaa, jasho linaingia machoni na mikono yote imeshika mzigo hawezi hata kujifuta, anapiga kelele pisha pisha.

Ombi langu kwa halmashauri na shirika la masoko ni bango. Liwe la Kiswahili, liseme Carrier Corps walikuwa nani na wangapi hawakurudi makwao, likae mlango ambao wachukuzi ndio wanapitia mizigo, na majina ya viongozi waliozindua yasiwepo.

Mkazi wa Ilala,
Dar es Salaam