Maji ya mafuta ya nazi si maji ya zeituni, usikimbilie dawa

Juzi mteja wetu mmoja wa Unguja kusini, bi anokamua mafuta ya nazi nyumbani kwake, katutumia video ya kinu cha zeituni Tunisia wanavyosafisha maji machafu yao kwa dawa, kisha anauliza "na mie nataka dawa yao hiyo, bei gani?" Si yeye peke yake aliyeuliza, basi tujibu hapa.

Zeituni ikishakamuliwa yanabaki maji meusi tii, machungu na yana asidi, pH yake (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi) inacheza kwenye 5. Uchafu wake wanaupima kwa oksijeni inayotakiwa kuuvunja, na lita moja inaweza kutaka gramu 40 hadi kupita 100, wakati maji ya vyoo vya majumbani mara nyingi hata gramu 1 hayafiki! Ila shida hasa ni fenoli, kemikali ya zeituni yenyewe, hiyo inaua bakteria wanaokula uchafu. Ndo maana wenzetu wanaanza na kemia, wengine chokaa, wengine haidrojeni peroksaidi na chumvi ya chuma, fenoli ikishapungua ndo bakteria wanaingia kazini.

Sasa yetu jamani, yale yanobaki ukishaengua mafuta kwenye tui, hayana fenoli ya kiasi hicho, yana protini na sukari na mafuta yaliyokuponyoka, ndo maana ukiyaacha asubuhi jioni yashachacha na nzi wa mtaa mzima wapo kwako. Kuyatilia peroksaidi ni kutupa pesa, na dawa yenyewe inaunguza ngozi.

Sisi tunakufungia pipa la kunasa mafuta kwanza (hayo usiyatupe, ya sabuni hayo), halafu unatia chokaa kidogo kidogo huku unapima kwa karatasi ya asidi mpaka pH ifike 7 hivi, usizidishe maana bakteria wanaotengeneza gesi hawataki asidi lakini chokaa nyingi nayo inawaua. Na chokaa ni chokaa, kuna mtu alitia saruji, bomba tukalivunja kwa nyundo. Kutoka hapo maji yanaingia tangi lililofungwa hewa, tunalianzishia kwa mavi ya ng'ombe, yanakaa siku 20 mpaka 30 na gesi yake unapikia. Yakitoka bado si ya kunywa wala ya kuoshea vyombo, yapeleke kwenye migomba.

Kumwaga shimoni ndo tunakukatazeni kabisa, hasa nyie wa Jambiani na Makunduchi, chini kwenu ni jiwe la matumbawe lina vitundu, maji yanashuka bila kuchujwa na kisima cha jirani kipo hapo hapo.

Bei inategemea unakuna nazi ngapi kwa siku, kwa hiyo tuletee chupa moja ya maji yako tuyapime, ya leo si ya jana, na usiijaze wala usiikaze kifuniko, ya mwisho ilitupasukia ndani ya daladala.