Mchora ramani ya mchezo, anzia mto unakoishia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wa Dodoma wanaocheza michezo ya kuigiza ya mezani, ile yenye msimulizi, wahusika na dadu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Ramani zao za nchi za kubuni zina majoka na ngome za kupendeza, lakini mito yake haiwezi kutiririka. Utaona mto umetoka mlimani, ukagawanyika katikati ya nchi, tawi moja likaenda bahari ya mashariki na jingine ya magharibi. Maji hufuata mteremko ulio mkali zaidi na kuuchimba, na tawi lililobaki juu hukauka. Kwa kawaida mito hukutana. Kuachana ni huko karibu na bahari, kwenye delta kama ya Rufiji.

Kwa hiyo weka penseli pale mto unapoishia, upande nao hadi milimani ukiongeza vijito, na mstari uzidi kuwa mwembamba kadiri unavyopanda.

Wala si lazima mto ufike baharini. Hapa kwetu mto Bubu unapita Farkwa na kuishia kwenye kinamasi cha Bahi, ambacho hakina mto unaotoka. Maji hukaushwa na jua, chumvi ikabaki. Bonde kama hilo katika ramani yako ni hazina: kuna chumvi ya kuuza, samaki mvua zikiwa nzuri, na ugomvi wa malisho zikikosekana. Wachezaji watakuwa na la kufanya kabla hujachora hata ngome moja.

Kisha amua upepo wa mvua unatoka wapi. Wetu hutoka Bahari ya Hindi, milima ya Uluguru na Ukaguru ikaukinga, na Dodoma ikabaki na takriban milimita 570 kwa mwaka. Basi misitu ichore upande mmoja wa safu ya milima, na mibuyu upande wa pili. Misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali ndipo ikaingia Ugogo na kudaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Mwenye kisima ndiye mwenye njia.

Vipimo navyo. Miraba ya kupimia mwendo kwenye ramani hudanganya, kwa kuwa mwendo wa kona hadi kona ni mrefu kwa asilimia 41. Tumia pembesita, ambamo mwendo kwenda kila jirani ni sawa: fungua bikari sentimita 1, chora duara, na kwa upana huohuo pima alama sita pembeni yake, kisha ziunganishe. Upande hadi upande utapata sentimita 1.73. Ihesabu kuwa kilomita 10. Wenye mizigo wapite pembesita tatu kwa siku, na kwenye matope moja.

Chora kwenye manila, maana karatasi ya daftari hufyonza wino ukasambaa. Wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Mashine ya kopi huweza kubadilisha ukubwa wa picha kidogo, kwa hiyo usiandike "sentimita kadhaa ni kilomita kadhaa". Chora mstari wa kipimo utakaobadilika pamoja na ramani. Njano na bluu nyepesi hupotea kwenye kopi nyeusi.

Ombi langu kwako, Mhariri: katika ukurasa wa vijana, chapisheni walau mara moja karatasi tupu ya pembesita. Kuichora kwa bikari huchukua jioni nzima, na wengi huishia hapo.

Msomaji wenu,
Dodoma