Mbona hawakumwigiza tajiri?

Mhariri,

Mwezi uliopita kikundi cha maigizo kilikuja soko la samaki hapa Bagamoyo na gari la matangazo, spika mbili na fulana za kugawa. Kikaigiza ubaya wa uvuvi haramu kwa nusu saa, kikaondoka. Kijana aliyekuwa "mvuvi" alikusanya wavu kama anayekunja shuka. Wavuvi wakamwangalia mara moja, wakarudi kwenye mnada.

Mama mmoja mkaanga samaki, kisu bado mkononi na magamba hadi viwikoni, akauliza: "Mbona hawakumwigiza tajiri?"

Kwa asiyeujua ufukwe wetu, tajiri ndiye mwenye chombo, injini na nyavu. Mafuta anayatoa kwa mkopo. Mvuvi akirudi mikono mitupu deni halilali, na ndipo anaposhawishika kuvuta juya, yaani wavu wa kukokota, lenye macho madogo, huku akijua fika kwamba anazoa vifaranga vya samaki. Mama yule analijua jambo hili kuliko mwandishi yeyote wa igizo, ila hakuulizwa kabla, na igizo lilipokwisha maikrofoni ilikuwa imeshazimwa.

Nimeumia, kwa sababu nchi hii ilishatuonyesha njia. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, Mwanza, na baadaye Msoga, hapa hapa mkoani Pwani. Walianza kwa kuwasikiliza wanakijiji. Malya yakaibuka, pamoja na mengine, matatizo ya mimba za wasichana; watu wakayaigiza wenyewe kwa ngoma zao, kisha wakayajadili hadharani.

Bagamoyo tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Waigizaji tunao. Ninachoiomba halmashauri na wafadhili ni muda: fedha za fulana zilipe posho na chakula cha vijana watakaokaa ufukweni wiki mbili tatu, waende baharini, wakae na wachuuzi, kisha waigize na wavuvi wenyewe. Mtazamaji akinyoosha mkono katikati ya onyesho, waigizaji wasimame wamsikilize. Tajiri naye aalikwe, maana ana lake la kusema kuhusu bei ya mafuta.

Mama yule yupo sokoni kila siku baada ya mnada. Waanze naye.

Mkazi wa Dunda,
Bagamoyo